Gogo la Kumi na Nane

Haya nimesimuliwa na mwanangu wa pili, leo Jumatano, kama saa tisa alasiri, aliponirudishia kioo changu. Mpini wake ulikuwa umejaa utomvu wa msonobari, umeganda kama ulimbo, na mimi tangu Jumatatu nilikuwa nakitafuta mpaka uvunguni. Nilishamsingizia jirani moyoni mwangu, Mungu anisamehe. Nikamwuliza, "Kioo changu kimekwenda msituni kufanya nini?"

Akavua viatu, akajitupa kwenye kiti changu cha kamba. "Mama, usiulize kioo peke yake. Ukiuliza, uliza yote."

Nikamwambia mimi sina haraka. Nilikuwa na nguo za wiki nzima za kukunja.

Mwanangu huyo ni karani wa chama cha wakataji na wasafirishaji magogo wa kanda yetu. Ofisi yao ni chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Mna meza mbili, viti vitatu, feni ambayo haianzi mpaka uisukume kwa kidole, na ubao wenye maandishi ya kijani, "Tuko Pamoja Nawe Barabarani." Chama kiliundwa kuwasaidia wenye misumeno na wenye malori. Kinawaombea vibali, kinawapangia zamu, kinawasemea kwa wakubwa. Malori ya wanachama ni thelathini. Mwenyekiti ana cheo, na karani ana kazi.

Mume wa mwanangu huyo ana lori lake, naye ni mwanachama. Wenzake wamempa jina la Breki, kwa sababu mteremko wowote yeye anaushuka kwa gia ya pili, hata kama nyuma yake kuna watu ishirini wanapiga honi. Mkwe wangu huyo sijawahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimkuta njiani na nguo nyeupe.

Sasa gogo lina shina na lina ncha. Shina ni upande mnene, uliokuwa karibu na ardhi. Ncha ni ule mwembamba. Tangu zamani malori yalipakiwa mashina nyuma, maana ndivyo winchi ya kupandishia magogo inavyovuta na wapakiaji hawataki kujisumbua. Mwaka jana lori moja lilikuwa linapanda mlima, mnyororo ukakatika, na kwa kuwa uzito wote ulikuwa nyuma, magogo yakamwagika barabarani. Lori lililofuata likapondwa pua na dereva wake akavunjika mguu. Chama kikaita kikao, kikao kikachukua mwaka mzima kuiva, na mwisho kikaamua kwamba kuanzia sasa mashina yote yakae mbele, kwenye kichwa cha lori. Atakayekaidi atatolewa kwenye zamu na kurudishwa mkiani mwa foleni. Mwanangu ndiye aliyeuandika waraka huo, akaupiga muhuri, akaubandika mlangoni.

"Ulikuwa waraka mzuri, mama. Niliupitia mara tatu."

Jambo ambalo hakuna aliyelikumbuka, hata yeye, ni nyundo. Gogo halitoki msituni kabla bwana miti wa ofisi ya misitu hajaligonga nyundo yenye chapa, likabaki na alama na namba yake kama ng'ombe. Naye hugonga kwenye shina, maana huko ndiko kwenye nafasi. Njiani kuna kizuizi, na mkaguzi wa kizuizi husimama nyuma ya lori, akahesabu chapa, akalinganisha na orodha, akagonga muhuri, ukapita. Ukiweka mashina mbele, chapa zote zinageukia kichwa cha lori, na hapo katikati pana ukuta wa chuma wa kumlinda dereva. Mkaguzi akisimama nyuma anaona ncha tupu, nyeupe, kama nyayo za watoto waliolala.

Mtu anaweza kusema, waraka ulishatimiza wiki nne, mbona hakuna aliyekwama? Hakukwama mtu kwa sababu hakuna aliyeufuata. Waliusoma mlangoni, wakasema naam, wakaenda kupakia walivyozoea.

Malori yale thelathini yamegawanywa makundi matano, kila kundi wiki yake. Breki yuko kundi la mwisho. Wiki nne lori lake lilikaa chini ya turubai, kuku wanalitagia. Hii ilikuwa wiki yake, na kabla zamu haijamzungukia tena, mvua zingekuwa zimeshaifunga barabara ya msituni. Kwa maneno mengine, akiikosa wiki hii anakaa nyumbani mpaka mvua ziishe. Na kibali cha njiani ni cha siku moja. Saa kumi na mbili jioni kimekufa, na kwa sheria ya chama anayekiachia kibali kife, zamu yake nayo imekufa.

Basi Jumatatu alfajiri Breki akamwambia mpakiaji, "Geuza. Mashina mbele."

"Nigeuze magogo kumi na nane? Kaka, wewe jana umelala wapi?"

"Nimelala na aliyeandika waraka."

Mpakiaji akacheka mpaka akaizima winchi. Lakini akageuza, akinung'unika. Walitumia saa mbili kwa kazi ya nusu saa. Wenzake watano wa kundi lake wakapakia na kuondoka, yeye bado anakaza minyororo.

Saa nne asubuhi akafika kizuizini. Mkaguzi alikuwa bwana mmoja mnene, mwenye viatu vinavyong'aa na adabu nyingi. Mwanangu anasema angekuwa na ubaya ingekuwa nafuu, mtu ungejua pa kuelekeza hasira zako.

"Kaka, chapa ziko wapi?"

"Ziko mbele, mkubwa. Ni utaratibu mpya wa chama."

"Utaratibu mzuri sana. Nionyeshe chapa."

"Ndiyo nasema, ziko mbele."

"Nimekusikia. Mimi na wewe hatuna ugomvi kabisa. Shusha magogo nizione, kisha pakia, uende zako."

"Nishushe kwa mikono? Winchi iko msituni."

"Rudi nayo msituni."

"Kibali changu ni cha kutoka. Nikirudi na mzigo nitaonekana nimeiba."

"Kweli," mkaguzi akasema, akatikisa kichwa kwa huruma. "Hapo pagumu." Akaenda kumimina chai.

Breki akampigia mkewe ofisini. Akamweleza taratibu, kama mtu anayeagiza sabuni, kisha akasema, "Sina wasiwasi, nimekuambia tu ujue." Mwanangu hapo hapo akainuka kitini. Aliuangalia waraka wake mlangoni, akauona ni kitanzi, na shingo iliyomo ni ya mumewe.

Akampigia mwenyekiti. Mwenyekiti alikuwa semina, akawa ananong'ona.

"Dada Karani, sema haraka, niko mstari wa mbele."

Akasema haraka. Yakasikika makofi ya watu wakimpongeza msemaji.

"Hoja yako ni nzito," mwenyekiti akanong'ona. "Iweke kwenye ajenda."

"Mzee, kibali kinakufa saa kumi na mbili."

"Waraka ni wa kamati. Mimi nikiugusa peke yangu nitaitwa dikteta."

"Sitaki uuguse. Mpigie mkaguzi simu umwambie chama kinalitambua lori hilo."

"Sasa hivi siwezi kutoka. Inakuja mada yenyewe."

"Mada gani?"

"Kupunguza ucheleweshaji," mwenyekiti akasema, simu ikakatika.

Hapo katika kunisimulia akaokota soksi ya mwanawe kwenye rundo langu, akaikunja mara nne kama barua. Nikamwachia tu. Soksi ikinyooka na hasira inanyooka.

Akachukua pikipiki ya kukodi mpaka ofisi ya misitu. Bwana miti alikuwepo, na nyundo ilikuwepo, imening'inia ukutani nyuma ya mgongo wake. Mwanangu akaona mambo yamenyooka. Akamwomba waende wote kizuizini, agonge chapa kwenye ncha za magogo yale kumi na nane, pale mkaguzi anapoweza kuziona.

Bwana miti akavua miwani. "Magogo hayo si nimeshayagonga?"

"Umeyagonga, lakini kwenye mashina."

"Basi. Gogo moja, chapa moja. Gogo lenye chapa mbili kitabuni kwangu ni magogo mawili. Nikigonga tena kumi na nane, mumeo atakuwa na magogo thelathini na sita, na lori lake halina uwezo huo. Nitalazimika kumkamata."

"Lakini utakuwa unajua ni yaleyale."

"Mimi nitajua. Kitabu hakitajua." Akavaa miwani. "Leteni barua ya chama, mkiomba tubadilishe upande wa kugonga. Hiyo inawezekana."

"Barua za chama naandika mimi. Nipe karatasi niandike hapa hapa."

"Andika. Asaini mwenyekiti."

"Mwenyekiti yuko semina."

"Semina hazidumu milele," bwana miti akasema, "hata ya kupunguza ucheleweshaji. Mimi mwenyewe nilialikwa ile ya mwaka jana, barua ikafika siku moja baada ya kwisha." Na alikuwa hatanii.

Ilikuwa saa nane. Mwanangu akamwambia mwenye pikipiki ampeleke kizuizini. Alimkuta mumewe amekaa kivulini kwenye tairi la akiba, anakunywa chai ya mkaguzi. Mtu na mkaguzi wake, wanazungumzia habari za meno. Malori ya wenzake yalikuwa yanapita na safari ya pili, mashina nyuma, chapa zinaonekana kama macho ya bundi, muhuri unagongwa hata injini haizimwi. Mmoja akapiga kelele dirishani, "Breki, leo umezikanyaga kweli!" Mwingine akasema, "Shemeji, tuandikie waraka mwingine, huu umemtosha mmoja tu!" Breki akawapungia mkono.

"Unawapungia?" mwanangu akamwambia. "Watu wanakucheka, unawapungia?"

"Sasa nifanyeje, mke wangu, niwarushie kikombe? Kikombe si changu."

Mwanangu anasema wakati ule kama angekuwa na msumeno angekata kitu, hajui nini.

Akatoa simu, akapanda ngazi ya ubavuni mwa lori. Kati ya ukuta wa chuma na mashina palikuwa na nafasi ya shubiri moja na nusu. Akaingiza mkono na simu, akapiga picha. Chapa ikatoka safi, na namba yake. Akampelekea mkaguzi, karibu anacheka kwa furaha.

Mkaguzi akaitazama picha kwa makini, akaisifia simu. "Picha nzuri sana. Lakini mimi nimeagizwa nione chapa, sikuagizwa nione picha. Kesho mtu ataniletea picha ya gogo la mwaka juzi."

"Bwana mkubwa, gogo hili hapa, picha nimeipiga mbele yako."

"Mbele yangu, ndiyo. Mbele ya sheria, hapana. Na sheria ni msumeno, mama, inakata mbele na nyuma."

"Huu wenu umekata mbele tu," mwanangu akasema. "Nyuma wanapita."

Mkaguzi akacheka kwa adabu, akamkaribisha chai. Mwanangu hakuinywa. Akasimama pale akitazama lori, na macho yake yakaangukia kioo cha pembeni, kile ambacho dereva anatazamia nyuma. Akamgeukia mkaguzi.

"Dereva akitaka kujua kama nyuma kuna gari, anatazama wapi?"

"Kwenye kioo."

"Akiliona kwenye kioo, ameliona au hajaliona?"

"Ameliona."

"Kwa mujibu wa sheria?"

Mkaguzi akakitazama kile kioo cha lori. Mwanangu anasema alimwona kabisa akiutafuta mlango wa kutokea, akakuta hakuna.

"Kioo si picha," mkaguzi akakubali. "Kioo ni jicho lako mwenyewe, limezunguka kidogo."

Kioo cha lori hakikung'oka, kina kutu ya miaka. Mwanangu ana kijikioo cha poda mkobani, hicho kilionyesha chapa moja na vidole vyake mwenyewe. Ndipo akanikumbuka mimi. Kioo changu ni cha mkono, chembamba, cha mpini mrefu, alininunulia marehemu baba yao mwaka tuliooana, nami nakitumia kutazama kisogo nikisuka nywele. Pikipiki ikarudi mbio. Mimi siku hiyo nilikuwa kwa jirani, yule yule niliyemsingizia. Akakichukua ukutani, akaondoka bila kufunga mlango. Nakumbuka nilirudi nikakuta mlango wazi, nikaulaumu upepo.

Alipofika kizuizini ilikuwa saa kumi na nusu. Wakaanza. Breki akapanda upande mmoja akiwa ameshika kioo, amekiinamisha ndani ya ile nafasi. Mkaguzi akapanda upande wa pili na tochi na orodha, akiviwazia viatu vyake. Mwanangu akasimama chini na kalamu.

"Inua kidogo. Kushoto. Kushoto kwangu, si kwako. Hapo. Soma namba."

"Sioni, kioo kinatetemeka."

"Ni wewe unayetetemeka, mkubwa. Mimi mkono wangu umetulia."

Hilo lilikuwa kweli. Mkono wa mkwe wangu ukishika kitu kinatulia. Gogo moja baada ya jingine, chapa zikasomwa kwenye kioo cha bibi harusi wa zamani. Kufikia saa kumi na moja na nusu walikuwa na kumi na saba.

"La kumi na nane," mkaguzi akasema.

Wakatafuta, juu, chini, katikati. Kila shina lililokuwa mbele lilikuwa limeshasomwa. Palikuwa na pengo moja, katikati upande wa kulia, ambapo badala ya shina palionekana kijincha kimejificha ndani, hakina alama yoyote.

"Hili halina chapa," mkaguzi akasema, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli. "Gogo lisilo na chapa ni gogo la wizi. Siwezi, kaka. Kumi na saba kwenye lori la kumi na nane, siwezi."

Breki akashuka ngazini. Alipangusa kioo kwa shati lake. Mwanangu ndiye aliyeondoka. Alikwenda nyuma ya lori, mahali ambapo hakuna mtu wa kumwona, akachuchumaa, akajishika kichwa. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika arobaini. Anasema hakulia, alikuwa amechoka hata kulia. Alikuwa anawaza jinsi atakavyokaa na mwanamume yule ndani ya nyumba mvua nzima, akimwona anang'arisha lori lisilokwenda popote, hamlaumu, hasemi neno, anakunywa chai.

Akainuka. Mbele yake, usawa wa pua yake, katikati ya ncha zote zile nyeupe, palikuwa na shina moja nene, na katikati ya shina palikuwa na chapa, kubwa, safi, na namba yake. Ilikuwa hapo tangu asubuhi. Mpakiaji amechoka kugeuza, gogo moja la katikati kalisukuma alivyozoea, Breki akiwa upande wa pili na minyororo. Na mkaguzi mwenye adabu zake alikuwa ameshatazama nyuma ya lori lile mara ishirini, kaona ncha kumi na saba, kakata tamaa.

"Njooni," mwanangu akasema. Hakupaza sauti.

Mkaguzi akaja, akainama, akasoma namba. Akatazama orodha. "Hili limepakiwa kinyume."

"Limepakiwa kinyume na nini?"

"Kinyume na mengine."

"Lina chapa au halina?"

"Linayo."

Muhuri ukagongwa saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili. Kwa kuwa ni mtu wa kazi, mkaguzi akaandika kwenye kitabu chake kwa mwandiko mzuri, "Magogo kumi na saba mashina mbele, moja shina nyuma," akatoa nakala, akasema ataipeleka chamani, maana ndivyo inavyotakiwa. Breki akafika kiwanda cha mbao wanafunga lango, wakampokea.

Ningekuwa mimi ndiye mtunzi wa mambo ya dunia, ningeishia hapo. Lakini chama kilikuwa bado hakijasaidia.

Jumanne asubuhi mwenyekiti akatoka semina na mkoba mpya. Mwanangu anasema mwenyekiti hasomi karatasi. Barua akiletewa anasaini juu ya boneti ya gari lake, injini inanguruma, kofia ya kalamu iko mdomoni. Siku hiyo, sijui semina ilimfundisha nini, akachukua nakala ya mkaguzi mezani, akaisoma yote.

"Moja shina nyuma," akasema. "Huu si ukaidi wa waraka wetu?"

"Mzee, ni gogo moja. Na yeye ndiye mtu pekee aliyejaribu."

"Waraka unasema 'mashina yote'. Uliandika mwenyewe."

"Wengine hawafuati hata moja."

"Una karatasi inayosema hivyo? Mimi ninayo hii." Akaigonga kwa kidole. "Tukimwachia kwa sababu ni mumeo, watu watasemaje? Mwandikie barua. Anatolewa kwenye zamu, anarudi mkiani. Na kibali chake cha leo kisitoke."

Kibali cha siku ile hakikutoka. Mwanangu alikaa kwenye kiti chake, feni haizunguki, na akampigia mumewe amweleze. Mumewe akasema, "Andika tu, mke wangu. Kazi ni kazi."

"Mama, hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote," mwanangu aliniambia. "Angenifokea ningejua niko na mtu. 'Andika tu.' Kama ananiagizia chumvi."

Akaandika. Akaisoma barua yake, akaiona ni nzuri, fupi, haina kosa. "Kwa kuwa lori lako limepakiwa kinyume cha waraka, unarudishwa mkiani mwa foleni." Akaitazama sana. Kisha akafungua kabati, akatoa daftari la malori yote thelathini, na vitabu vya kiwandani ambavyo hupokea nakala zake kila jioni wala hakuna anayevifungua. Kiwanda kinashusha magogo kwa kushika shina, na hivyo huandika kila lori limekuja mashina upande gani. Karatasi alikuwa nazo. Tangu waraka utoke, malori ishirini na tisa, mashina nyuma, nyuma, nyuma, mpaka mwisho wa ukurasa.

Akaandika barua nyingine kama ile. Na nyingine. Alimaliza saa tisa, vidole vinamwuma. Akashuka na rundo mpaka kwenye gari la mwenyekiti.

"Za nini hizi?" mwenyekiti akauliza, kofia ya kalamu mdomoni.

"Za waraka wa upakiaji, mzee."

"Ya Breki imo?"

"Imo."

Akasaini zote thelathini. Ya kumi na moja ilikuwa ya lori lake mwenyewe.

Leo asubuhi, Jumatano, ngazi ya duka la vipuri haikupitika. Kila mwenye lori na barua yake mkononi. Kelele, mama, anasema mpaka muuza vipuri alifunga duka akapanda kutazama. Na mwenyekiti naye akaja, na yake ameikunja mfukoni, hakutaka waione, wameshaiona.

"Dada Karani, umefanya nini?"

"Nilichoagizwa, mzee. Waliokaidi waraka wamerudishwa mkiani. Karatasi ninazo."

"Wote?"

"Wote thelathini."

"Sasa nani yuko mbele?"

"Hakuna mbele. Wote tumewapeleka mkiani kwa mpangilio wao uleule. Wa kwanza kwenda mkiani ni wa kundi la kwanza, wa mwisho ni wa kundi la tano, na wiki hii ni ya kundi la tano kama ilivyokuwa."

Watu wakaanza kuhesabu kwa vidole. Breki, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini kabisa asije akamkanyaga mtu, akasikika akicheka. Mwanangu anasema hajamsikia akicheka hivyo tangu alipomtolea posa.

Mwenyekiti akafuta jasho. Akatangaza kwamba barua zote zimesitishwa mpaka kikao kijacho, zamu ziendelee, vibali vitoke kesho. Watu wakaanza kushuka.

"Na waraka?" mwanangu akauliza. "Na nyundo ya bwana miti? Nimeandika barua ya kumwomba abadilishe upande, iko hapa, inataka saini tu."

"Hiyo inagusa waraka. Waraka ni wa kamati."

"Kamati inakaa lini?"

"Mvua zikiisha," mwenyekiti akasema, akapanda gari lake.

Hapo mwanangu akamaliza. Miguu yake ilikuwa ameiweka juu ya kigoda changu, na mumewe, ambaye alikuja naye na ataamka saa tisa usiku kwenda msituni, alikuwa ameshalala chumba cha pili. Tulikuwa tunamsikia. Anakoroma kama anavyoendesha, polepole na bila kusimama.

"Zamu yake imepona," nikamwambia. "Hilo ndilo kubwa."

"Siku tatu, mama. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Jana na leo zimeliwa bure." Alifumba macho. "Na aliniuliza kabla hajalala. Akaniuliza, 'Mke wangu, kesho nipakie mashina mbele au nyuma?' Nikafungua mdomo nimjibu, kumbe ameshalala. Nyuma, mnyororo ukikatika ataua mtu. Mbele, yule bwana na chai yake."

Nilimaliza kukunja shuka la mwisho. Nikakitazama kioo changu, utomvu na yote. Utomvu wa msonobari hautoki kwa sabuni, unatoka kwa mafuta ya taa, na mafuta ya taa sikuwa nayo. Mimi kisogo changu kinaweza kungoja, hakuna anayekiangalia siku hizi.

"Apakie mbele," nikasema. "Kioo akichukue. Akifungie kamba kwenye mpini kisije kikamdondoka. Lakini mwambie mpakiaji ageuze yote kumi na nane, asikilize, yote. Unanisikia?"

Nilipogeuka, soksi ilikuwa bado mkononi mwake, na alikuwa amelala.